Kitanzi cha Fundi Isdori

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja. Leo tunamkumbuka fundi Isdori wa gereji ya Majengo, tuliyemzika Jumamosi kule kwao Muze. Isdori, fundi wa magari ya otomatiki. Ukifika kwake bila salamu, aliendelea kulala chini ya gari kana kwamba hajakusikia. Ukimsalimia, ilitoka miguu kwanza, kisha tumbo, kisha kicheko.

Alikuwa fundi mzuri. Nalisema hilo mapema, maana mengine nitakayoyasema yanauma.

Giaboksi ya otomatiki ina oili yake, nyekundu. Oili hiyo hutoka ikiwa ya moto, hupita kwenye bomba jembamba mpaka kwenye rejeta, hupoa, halafu hurudi. Bomba la kwenda, bomba la kurudi. Yanapoungana na rejeta pana vipande vya mpira vilivyobanwa kwa klipu. Mpira ukizeeka hupasuka, na oili huvuja.

Sasa sisi wa Sumbawanga tuna ujanja wetu. Baridi yetu mnaijua, Julai mtu anakwenda na koti mpaka harusini. Tukajiambia, giaboksi gani itachemka huku? Basi mpira ukivuja, fundi anaiacha rejeta kando, anaunganisha bomba la kwenda na la kurudi, uvujaji umekwisha. Tunaita kufunga kitanzi. Isdori alivifunga vingi. Hata gari lake mwenyewe alilifunga.

Enock, jirani yake wa Katandala, alimwonya. Anasema: "Nilimwambia, kaka, huko bondeni kuna joto. Akanijibu, mimi naishi juu, bondeni nakwenda kusalimia tu."

Kusalimia tu. Mama yake, Bi Fransiska, aliishi huko huko bondeni, Muze. Siku moja akaugua ghafla, pumzi zikawa za shida. Isdori akashuka mbio, akampakia mama na dada yake Coleta, wakaanza kuupanda mlima wa Lyamba lya Mfipa kuja hospitali huku juu. Jua la bondeni lilikuwa utosini. Oili ikawa inazunguka ikiwa ya moto vile vile, haina pa kupoa. Katikati ya mlima harufu ya kuungua ikaingia ndani. Injini inanguruma, gari halisogei.

Akafungua boneti. Oili ilikuwa imechemka na kutapakaa kila mahali. Simu hazishiki. Lori la mpunga lilipotokea, Bi Fransiska alikuwa ameshakata roho mapajani mwa Coleta.

"Nilimwambia kaka, umemuua mama kwa ujanja wako," anasema Coleta. "Nililisema mbele ya watu wa lori."

Tangu siku hiyo, hata ukimpelekea gari la pancha, Isdori aliinama kwanza kutafuta kitanzi. Akikikuta anakikata. Anaweka mpira mpya wa oili, siyo wa maji, anabana klipu, anarudisha njia ya rejeta. Kisha anachomoa bomba la kurudi, anakinga mkebe, anakuambia uwashe injini. Wateja walinung'unika, mbona lilikuwa halivuji? Naye alijibu: "Halivuji, sawa. Oili inazunguka inakotakiwa?" Mpaka aone inatiririka mkebeni ndipo anarudisha bomba, anaongeza iliyopungua, anakuruhusu.

Na kila Krismasi alishuka Muze na sukari kwa dada yake. Coleta aliipokea mlangoni, akasema asante, akafunga mlango. Mwaka huu presha ikamwangusha Isdori pale pale gerejini, na hakuinuka tena.

Jumamosi, kabla jeneza halijashushwa, Coleta aliomba kusema. Tulidhani ataanza na wasifu. Akasema hivi:

"Siku ile kaka yuko mbele kwenye boneti, mama alinishika mkono. Akasema, mwambie Isdori asilie, amenijia mbio, mimi nimeridhika naye. Sikumwambia. Nilikuwa na hasira. Kila Krismasi nasema, mwakani nitamwambia."

Kisha akalisogelea jeneza, akalisema tena neno la mama kwa sauti, akimwita kaka yake kwa jina.

Dada Coleta, pole sana. Poleni ukoo mzima wa Muze, poleni mafundi wa Majengo. Bwana ampumzishe Isdori na mama yake mahali pema.

Nawe unayenisikiliza ukiwa nyuma ya usukani, kama gari lako lina kitanzi, usishuke nalo bondeni. Na kama umeachiwa neno jema la kumpelekea mtu, mpelekee leo. Neno la Bi Fransiska tumelisikia sisi sote tuliokuwa makaburini. Isdori hakulisikia.