Papa Viateur na Kiwanja Chetu cha Mteremko

Papa Viateur Kanyamibwa anapumzika! Jumapili hii, tarehe 28 Juni, kocha wetu wa Club Maziwa ya Bihambwe anamaliza miaka thelathini na miwili ndani ya timu moja: kumi na mmoja akiwa winga wa kushoto, na yote iliyobaki akiwa kocha. Mimi Emérence, sekreteri wa timu, nimepewa kazi ya kumsifu kwenye karatasi moja. Karatasi moja! Kamati ina mchezo kweli.

Alianza akiwa kijana mwembamba anayebeba maziwa kwa mguu hadi Masisi, kisha anarudi mbio kwenye mazoezi. Wapinzani walimwogopa. Mabeki wetu wenyewe walimkasirikia, maana hakurudi nyuma kukaba hata siku moja. Mke wake, Mama Libérata, anasema hata nyumbani akiitwa harudi. Goti lilipomshinda hatukupata muda wa kumhurumia: kesho yake alikuwa pembeni ya kiwanja akipiga kelele, na kelele hizo hazijaisha.

Kiwanja chetu mnakijua. Ni malisho ya Papa Léonard, tena kimelala upande kama paa la nyumba. Katikati ya juma ng'ombe wanakata majani. Jumamosi wachezaji wanaondoa mavi kwa majembe, na kapiteni ndiye anayeanza. Sheria hiyo ni ya Papa Viateur, na hakuna staa aliyeiponyoka. Hapo ndipo vijana wetu walipozoea kulenga upande wa juu, ili mpira ushuke wenyewe kwa mwenzao. Kipindi cha kwanza mlima huwa kulia kwetu; tukibadilisha upande kipindi cha pili, unakuwa kushoto.

Mwaka huu Papa Léonard alitwambia waziwazi: ng'ombe wameongezeka, na tusipoleta kombe, kiwanja kinarudi kuwa malisho siku zote. Papa Viateur alikonda. Alijua mtu mwingine wa kutupa shamba la kuchezea hayupo, na timu ingekufa mikononi mwake, mwaka wake wa mwisho.

Basi tukafika fainali ya kombe, nayo ikawa Walikale, kwenye kiwanja kilichonyooka kama meza. Eh Mungu wangu! Kila pasi yetu ilikwenda kulia, kuutafuta mlima ambao haukuwepo, na kutoka nje. Wenyeji walicheka mpaka wakashika mbavu. Tulienda mapumziko tumefungwa mbili bila.

Vijana waliapa kwamba sasa watapiga sawasawa. Papa Viateur akakataa katakata. “Muguu yenye imezoea mulima haiwezi badilika mu mapumziko,” akawaambia. “Tukigeuka, mipira itaenda kushoto. Mwenye kupokea njo asimame kule!”

Yaani aliiacha miguu ilivyo, akahamisha watu. Aka! Mpira ukaanza kukuta watu wa kuupokea. Shema, kapiteni wetu, akafunga, akafunga tena. Dakika za mwisho ikatoka pasi mbaya, mbaya kabisa, ikamkuta Shema pembeni peke yake, maana beki gani mwenye akili angemlinda mtu mahali pale? Tatu kwa mbili! Nilipoteza kiatu nikikimbilia uwanjani, na sikijutii hata kidogo.

Papa Viateur hakukimbia. Alikaa chini kwenye majani akalia mbele ya watu, bila kujificha. Papa Léonard, aliyekuja kwa pikipiki safari yote ile, akaenda kukaa karibu yake. Akatangaza, sote tukisikia, kwamba kuanzia siku hiyo kiwanja ni cha timu, na ng'ombe ndio watakaoomba ruhusa. Tulipiga vigelegele mpaka sauti zikakauka.

Papa Viateur, asante kwa magoli, asante kwa kelele, asante kwa kutupenda hata tulipocheza vibaya, na tulicheza vibaya mara nyingi. Mungu akupe goti lisilouma, maziwa tele nyumbani, na miaka mirefu pamoja na Mama Libérata. Lala usingizi sasa. Jumapili ijayo tunacheza nyumbani.