Jiko Ndani ya Nyumba ya Mzee Nzivo

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu na redio. Leo tunamkumbuka Mzee Nzivo Matheka wa Ziwani, mchonga vinyago, aliyetuacha mara tu baada ya mafuriko. Maji hayakumuua. Lishikeni hilo: si maji yaliyomuua.

Mzee Nzivo aliishi peke yake tangu mkewe alipofariki. Asubuhi maji yalipopungua, alipita mlango kwa mlango akiwaonya watu wasiguse stima kabla fundi hajaikagua. Jirani yake, Truphena, mama yake Celine, alikuwa ameshanyoosha mkono kwenye swichi.

"Mama Celine, toa huo mkono! Chai haikimbii."

"Mzee, siku hizi umekuwa polisi wa stima?"

"Polisi asiye na mshahara. Toa mkono!"

Truphena akacheka, akautoa. Leo anasema, "Mzee yule aliniokoa, watoto wangu wakabaki na mama."

Jioni Truphena alimpelekea Mzee ugali na sukuma, akamsihi akalale kwao.

"Na hao watoto wote kitandani? Mtanilaza juu ya nani?" Mzee alimtania, akamshukuru, akabaki.

Kuta zilikuwa zimelowa. Blanketi lilinuka matope. Alikula akiwa amesimama, kwani hata kiti kilikuwa kinachuruzika maji. Kisha akawasha jiko la makaa, akaliingiza ndani, akafunga mlango na dirisha ili nyumba ikauke. Wengi wetu tumefanya vivyo hivyo.

Binti yake, Nzilani, alipiga simu kutoka Makueni.

"Baba, umepata joto?"

"Nimepata, mama. Jiko liko hapa miguuni."

"Nilimshukuru Mungu," Nzilani anatuambia. "Nikalala usingizi mzuri."

Makaa hutoa hewa ya sumu, wapendwa. Haionekani, wala haina harufu. Humlaza mtu asiamke. Jiko likae nje, hata nyumba iwe na baridi namna gani.

Siku ile Mzee Nzivo alikuwa na neno la kumwambia kila mtu. Nyumbani kwake hakukuwa na wa kumwambia, "Mzee, hebu toa hilo jiko."

Nzilani, na jamaa wote, poleni sana. Mungu awashike mkono. Nanyi mnaonisikia, mvua bado ipo. Ng'ambo ya ukuta wako, nani anaishi peke yake? Inuka sasa, ukabishe hodi. Akikuambia yu salama, usigeuke kwanza. Ingia, uone jiko liko wapi.