Baiskeli Mbili za Umeme na Mke Aliyeko Tingi

Kijiwe hiki cha Kilwa Masoko kipo ubavuni mwa duka la vipuri ambalo halijawahi kuwa na kipuri anachokitafuta mtu. Benchi ni ubao mmoja. Wa kati akiinuka bila taarifa, wa pembeni wanaangukia kahawa. Asubuhi hiyo Twalib, maarufu kama Paspoti, alikuwa ameegesha ukutani baiskeli mbili za umeme za kupandia milima, moja kijani, moja kijivu, za bei ambayo ilimfanya aogope hata kupiga chafya karibu yake. Ni za Wazungu wawili waliotaka kufika Mtwara kwa pedali. Mchanga wa njia ya Kiswere ukawashinda, wakageuza, na Twalib ndiye aliyewasukumia mpaka lami. Leo wanarudi kwao, wakamwambia: chagua moja iwe yako kabla ya adhuhuri, itakayobaki ni ya Evaristo, mpishi wa hoteli yao. Kwa Twalib haikuwa mchezo. Mkewe Sada alikuwa kwao Tingi tangu harusi ya jirani yao Maimuna, siku ambayo Twalib alidandia bodaboda ya rafiki, akamwacha mke atembee na viatu vya kisigino. Sada aliondoka na neno moja: atarudi siku mumewe atakapopata chombo cha kumchukulia. Twalib amefika Muscat, Moroni na Durban, na kote huko alikuwa abiria.

— Haya jamani, nipeni akili. Kijani au kijivu?

Huseni, aliyepewa jina la Injinia kwa kuwa aliwahi kufungua feni ikakubali kufungika, aliinama akachungulia.

— Kijani betri yake imo ndani ya mwili. Kijivu imening'inia nje kama kibuyu.

— Ipi bora?

— Ya ndani. Jirani haioni, haombi kuchaji simu.

Bashiru akasonya. Yeye ni Kadhi, maana hukumu hutoa kwanza, kesi husikiliza baadaye.

— Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima.

— Kwa hiyo nisichague?

— Kwani wewe mkulima?

— Hapana.

— Basi chagua, unaogopa nini?

Injinia alibonyeza kitu kwenye usukani wa kijani. Kiti kikazama. Akabonyeza tena, kikainuka.

— Umeona? Adabu hiyo! Ukikutana na mkweo njiani, kiti kinashuka chenyewe. Shikamoo mama, na mwendo hupunguzi.

Twalib akamfikiria mama mkwe wa Tingi. Moyo ukaegemea kijani.

— Polepole, alisema Kadhi. Hicho kioo cha kijani kinaongea na setilaiti.

— Wanaongea nini?

— Habari zako! Sada akitaka kujua uko wapi, anauliza huko juu, anajibiwa mpaka mtaa uliopo.

Twalib akahamia upande wa kijivu.

— Sawa, kijivu, alisema Injinia. Ila hiyo ndiyo ya mlima hasa, tazama meno ya tairi. Sasa hapa Masoko mlima uko wapi?

— Hakuna.

— Ndiyo balaa lenyewe. Chombo cha mlima kikikosa mlima kinanuna. Utaamka hakipo, utasikia kimeonekana huko milimani Rondo, kinapanda.

— Peke yake?

— Mtu wa nini, na betri imejaa?

— Nitaifunga kamba.

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, alisema Kadhi. Ndiyo maana wameweka breki mbili.

Salumu muuza kahawa alisimamisha birika.

— Mimi naona zinafanana tu.

— Wewe mimina!

Adhuhuri ilikuwa inakaribia, na Twalib alikuwa anatoka jasho la mtu aliyeambiwa aoe mmoja kati ya mapacha. Ndipo bajaji ikasimama. Akashuka Sada, begi mkononi.

— Asalaam alaykum.

— Waalaykum salaam, walijibu wote, wakikaa vizuri.

— Sada! Umekujaje?

— Nimeambiwa unakuja kunichukua. Nikaona nije nitazame nachukuliwa na nini.

Akazizunguka zote mbili. Hakuangalia betri, hakuangalia kioo. Alitazama nyuma ya kiti, pale ambapo kila baiskeli ya Kilwa ina keria ya kubebea tenga la samaki, kiroba cha mihogo, au mke. Palikuwa na hewa tupu.

— Mume wangu, mimi nakaa wapi?

Injinia akachungulia nyuma ya kijani, akachungulia nyuma ya kijivu. Salumu alimimina kahawa nje ya kikombe.

— Labda kiti kikishuka... Injinia alianza.

— Namuuliza mume wangu.

Twalib alipima kila kitu asubuhi ile, mpaka Rondo. Mahali pa Sada hakupima.

— Sijui, mke wangu.

Sada akamwangalia, midomo ikimcheza kwa kicheko. Akamtupia begi, akakaza kanga kiunoni, akashika baiskeli iliyokuwa karibu, akapanda. Alikanyaga mara moja tu, chombo kikaruka kama mbuzi aliyekanyaga moto.

— Kachukua kijani! Nilisema mimi! Kadhi alipiga mapaja.

— Ulisema lini? aliuliza Injinia.

Twalib hakuwasikia. Macho yake yalikuwa kwenye njia panda. Kulia, barabara ya Tingi. Sada alipunguza mwendo, akanyoosha mkono wa kushoto kama askari wa barabarani, akakata kona kuelekea nyumbani kwao wawili. Twalib akajitwika begi kichwani, akatimua mbio nyuma yake, akipiga kelele mtaa mzima usikie:

— Mpisheni! Mpisheni, mke wangu huyo!