Kura Iliangukia Mitaa Mingine

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake marehemu, tulioachiana ziwa, na nimepewa kazi ya kuwasomea maisha yake, mnivumilie.

Dada yetu alizaliwa tarehe 9 Juni 1969, hapahapa mtaani, katika chumba cha nyuma cha nyumba hii, akaanza shule ya msingi mwaka 1977, sekondari mwaka 1984, na chuo kikuu mwaka 1990, ambako alisomea sera za jamii, kazi ambayo mpaka leo mama hajui aielezeje kwa mtu. Aliolewa na mwalimu wa hesabu tarehe 6 Desemba 1997, wakajaliwa mabinti wawili, akapata shahada ya uzamivu mwaka 2003, na hatimaye akawa profesa.

Mwaka 2015 alianza utafiti wa kuzipa kaya pesa kila mwezi bila masharti yoyote, na ili kulinganisha, mitaa mingine ilipaswa kuulizwa maswali yaleyale bila kupewa kitu. Hapa ningependa kupita haraka, lakini aliniagiza nisiruke: majina ya mitaa yalitiwa kwenye ndoo, kura ikapigwa chuoni, na mtaa wetu ukawa wa kuulizwa tu. Mama alikuwa ameshajigamba bombani kwamba mwanawe analeta neema, jamani, aibu aliyoipata! Nilimfuata dada ofisini nikamsihi abadilishe karatasi moja tu, nani angejua, akanijibu kwamba yeye angejua, nikaondoka nimenuna, na kwa miezi minne sikumsemesha. Miaka mitatu alipita hapa nyumba kwa nyumba, akiuliza jana mmekula mara ngapi, nanyi mkamjibu, wengine mmefura kwa hasira.

Saratani ya kongosho iligundulika Januari 2024, akalazwa tarehe 2 Agosti, akafariki Jumatano tarehe 21, saa nne asubuhi. Siku zote hizo wodini hakuuliza habari za chuo, aliuliza jambo moja tu, kama watu wa mtaa wetu watakuja kumzika, nami nikamwambia watakuja, huku sina hakika hata kidogo, na tangu jana nachungulia barabarani.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake wa chuoni, na ninyi majirani, mliojibu maswali yale bila kupata hata senti, na leo viti vya kukodi havikutosha, mkaleta vya majumbani mwenu. Dada, sikukudanganya, wamekuja, sasa pumzika kwa amani.