Wariara Anachagua Kliniki

Ukishuka kutoka stesheni ya Nakuru kuelekea Bondeni, utasikia msumeno wa Joginder kabla hujamwona Joginder mwenyewe. Nje ya karakana yake kuna benchi refu alilolipiga kwa mbao za kabati ambalo mteja alilikataa, na mbele ya benchi hilo ndipo palipo jiko la Wariara na birika lake la kahawa chungu. Mwaka ule wa sabini na nne benchi halikuwahi kupoa. Desturi yake ilikuwa moja: kikombe kikisimama wima, Wariara anajaza na wewe unalipa; ukitosheka, unakipindua mdomo chini juu ya ubao, na hakuna wa kukubembeleza. Wateja wa kila asubuhi walikuwa wanaume watatu ambao wake zao waliamini wako kazini. Joginder alikuwa kazini kweli, maana karakana ni yake, ila misumari aliyoibana mdomoni ilikuwa mingi kuliko aliyoipigilia, kwa hiyo aliitwa Msumari. Makokha aliitwa Boila. Alichochea moto kwenye injini za reli mpaka zilipokuja za dizeli zikamrudisha nyumbani na pensheni yake. Wa tatu ni Gopal, fundi wa saa wa ng'ambo ya barabara. Huyo jina lake Dakika, kwa sababu ukimpelekea saa atakwambia "dakika moja tu", nawe utaipata baada ya Krismasi.

Asubuhi hiyo Wariara aliwapa habari bila kuinua macho kutoka kwenye makaa.

— Vidonge vyangu vinaisha wiki hii. Lazima nichague kliniki ya kuendelea nayo.

Wanaume wakainamia vikombe vyao. Tangu aliporudi kutoka hospitali ya wagonjwa wa akili huko Nairobi, wanaume hawa walikuwa wakisema "ulipokuwa safari", kana kwamba alikwenda kula harusi. Wariara mwenyewe hakuwa na haja ya kufichiwa. Alipelekwa kwa gari la polisi akipiga kelele, akarudi kwa treni amenenepa, mikono ikitetemeka kidogo kwa dawa, na akili yake imekaa mahali pake. Hakuona kilichobaki cha kunong'onezwa.

— Ziko tatu, akasema. Naweza kurudi Nairobi kila mwisho wa mwezi, kwa daktari yule yule. Iko ya hospitali ya hapa mjini, kila Jumanne asubuhi, ndiyo kusema kesho. Na iko ya misheni, njia ya Njoro, Jumamosi. Huko sista anadunga sindano moja inakaa mwezi mzima, humezi kitu.

Kulikuwa na jambo ambalo hakulisema. Daktari wa Nairobi alimwambia waziwazi: ugonjwa wako una ujanja, ukianza, wewe ndiye utajisikia mzima kuliko watu wote. Chagua mahali pa karibu, uende na mtu anayekujua, atwambie yeye wakati wewe hutaweza. Hapa mjini na kule misheni, mtu huyo alitakiwa siku ya kwanza. Na Wariara mtu huyo hakuwa naye. Mume alikwisha kufa, na ndugu zake wa Kinangop walipokea habari za ugonjwa wake kama watu wanaopokea mvua ya mawe: walifunga milango. Kumwomba mtu wa nje akamsindikize kliniki ya vichwa, afadhali abebe birika la moto kifuani. Nairobi hawangemdai mtu, kwa kuwa faili yake na sura yake walikuwa nazo. Ndiyo maana moyo wake ulikuwa umeshapanda treni.

— Nairobi! Makokha akasema, akamfurahisha. Hapo hakuna mjadala. Injini uliyofungua wewe, usimpe mtu mwingine aifunge. Aliyeifungua ndiye anajua boliti ilianguka wapi.

— Kichwa changu si injini, Boila.

— Nimesema ni injini? Nimetoa mfano.

— Mfano mbaya, Gopal akadakia. Kichwa ni saa. Ya huyu mama ilikuwa inakimbia, basi, hakuna kitu kingine. Sasa kidonge ni kutia ufunguo kila siku. Siku moja unasahau, kwisha. Sindano ni kama ile saa ya ukutani: unatia mara moja, unaenda zako. Aende misheni.

— Hiyo saa ya ukutani, Joginder akauliza, yangu mimi iko wapi?

— Dakika moja tu, ndugu yangu.

Joginder akatema misumari kiganjani. Akifanya hivyo, ujue anataka kuhutubia.

— Hospitali ya hapa, akasema. Ile benchi ya kliniki nimepiga mimi. Mvule mtupu. Hata ndovu akae, haitalia.

— Anaenda kutafuta dawa ama kukaa? Makokha akamuuliza.

— Kwani dawa unangoja ukiwa umening'inia? Mgonjwa akikaa vizuri, nusu ya ugonjwa inatoka kwa makalio.

Wariara akacheka mpaka birika likatikisika. Alikuwa amekosa mambo haya kule wodini, ambako watu walisema maneno ya ajabu zaidi lakini hakuna aliyekuwa akibishana naye.

— Nyinyi hamjafanya kazi reli, Makokha akaendelea, sasa amesimama. Hebu nisikilizeni. Treni ikitoka Nairobi inapanda, inapanda, mpaka Uplands. Halafu inashuka bondeni. Sasa ukimeza dawa pale Nairobi, mwili unapanda, dawa ni nzito, inabaki tumboni. Umeharibu dawa ya serikali. Lakini ukingoja Uplands, juu kabisa, umeze hapo, treni ikianza kushuka mwili unashuka na dawa inabaki juu. Iko wapi?

Akainua kidole juu.

— Iko kichwani! Makokha akapiga ubao.

— Na dereva akishika breki ghafla? Gopal akauliza.

— Itamtokea puani kidogo. Si mbaya.

— Wacha maneno, Boila. Mambo ni saa. Ile saa ya misheni nimeirekebisha mimi, kwa mkono huu. Sindano idungwe saa sita kamili mchana, wakati mikono yote miwili ya saa imelala pamoja. Ukidunga saa tisa, mkono mmoja unaangalia huku, mwingine kule, na kichwa kitavutwa hivyo hivyo. Mimi nimeona mtu wa Molo alidungwa saa tisa, mpaka leo anatembea upande.

— Hiyo yote ni bure, Joginder akasema, kama hamjafikiria vumbi. Lile jeupe la ziwani. Si ni magadi? Kila mtu wa Nakuru anavuta magadi tangu mtoto. Tumeiva ndani kama mahindi na maharage ya githeri. Daktari wa Nairobi hawezi kujua kipimo cha mtu aliyeiva. Wa hapa wameiva wao wenyewe, watampa dawa ya kulingana.

Wariara alifunika birika, akajifuta mikono, akawatazama mmoja mmoja. Alikuwa ameuza kahawa miaka mingi kiasi cha kujua nani anakuja lini.

— Boila, mwisho wa mwezi wewe hupanda basi kwenda kwako Kakamega. Dakika, Jumamosi unafunga duka. Na wewe Msumari, Jumanne asubuhi uko Elburgon kununua mbao. Kila mtu hapa ananitafutia matibabu siku ambayo, jiko likifungwa, yeye hana kiu.

Makokha akaketi. Gopal akaitazama saa yake, ambayo ilikuwa imesimama.

Mwishoni mwa benchi alikuwepo mama mmoja mgeni, Cheptanui, mfugaji kutoka upande wa Rongai, amevaa buti za mpira zenye tope la alfajiri. Alikuja kuchukua mlango wa zizi ambao Joginder alimwahidi mwezi uliopita, na alikuwa anaungoja kwa subira ya mtu aliyezoea ng'ombe. Kikombe chake kilikuwa nusu.

— Samahani wazee, akasema. Mimi si wa hapa, sitaki kuingilia. Lakini nina ng'ombe wangu mmoja, akitaka kuugua anaacha kulamba chumvi. Nikiona tu hivyo nimeshajua, hata yeye mwenyewe hajajua. Sasa huyu mama, ugonjwa wake ukianza, unaanzaje?

— Umenifananisha na ng'ombe? Wariara akauliza.

— Ng'ombe mwenyewe ni mzuri. Analipa karo ya watoto wangu.

Wariara hakuona tusi hapo. Akawageukia wanaume wampe mgeni jibu, maana yeye hakuwa nalo; katika ile wiki ya mwanzo wa ugonjwa alikumbuka furaha tu. Benchi lilijaa, watu walicheka, na hakuna kikombe hata kimoja kilichobaki kimepinduliwa. Ilikuwa wiki nzuri kuliko zote alizowahi kukaa nyuma ya jiko lile. Kilichofuata alisimuliwa na wengine: kwamba alipatikana njia ya Salgaa, miguu mitupu, birika mkononi, akisimamisha malori.

Lakini wanaume ghafla walipata shughuli. Makokha, aliyejua dawa inakaa wapi treni ikifika Uplands, alikuwa anatazama buti za mgeni. Gopal alikuwa anaitikisa saa yake karibu na sikio. Joginder aliirudisha misumari mdomoni, akaitoa tena.

— Alitupa kahawa bure, akasema.

— Siku moja? Cheptanui akauliza.

— Wiki nzima. Ukipindua kikombe, anakipindua tena, anajaza. Ukitoa pesa anakurushia.

— Na nyinyi mkafanya nini?

Punda wa mchuuzi wa maji alipita, na wote watatu wakamsindikiza kwa macho mpaka kona.

— Tulikunywa, Joginder akasema.

— Ilikuwa tamu, Gopal akaongeza, kama mtu anayejitetea kortini.

— Na tangawizi ilikuwa mingi, Makokha akasema kwa sauti ndogo. Mimi nilileta na binamu yangu.

Wariara alisimama na koleo la makaa mkononi. Wakadhani atawachoma, na kusema kweli wazo hilo lilimpitia. Wiki nzima watu wazima watatu walimwona akitoka kwenye njia, na wakasogeza vikombe. Alidhani wiki ile walikuwa wanampenda, kumbe walikuwa wanafaidika. Lakini hasira ilipofika kifuani haikupata mahali pa kukaa, kwa sababu kitu kingine kilikuwa kimeshafika hapo kabla yake. Ugonjwa wake ulikuwa na mlango. Ulionekana kutoka kwenye benchi, mchana kweupe, na hata kwa watu wajinga kama hawa.

Akarudisha koleo.

— Msumari, kesho huendi Elburgon.

— Kwa nini?

— Unaenda na mimi kliniki, hapa mjini. Wanataka mtu anayenijua. Watakuuliza nikianza naanzaje, nawe utasema vile umesema sasa hivi. Uishie hapo. Usiwaletee mambo ya magadi.

Kumbe kuomba kulikuwa kufupi hivyo. Joginder aliushika ukingo wa benchi kama anayeupima.

— Boila ndiye ana nafasi, akasema. Mtu wa pensheni.

— Boila angali Uplands. Wewe ndiye ulisema ukweli kwanza.

— Basi nitavaa kilemba kipya, Joginder akasema. Nikaone na benchi yangu inaendeleaje.

— Na mlango wangu? Cheptanui akauliza.

— Keshokutwa, mama.

— Mwezi uliopita ulisema keshokutwa.

— Mwezi uliopita sikuwa na mgonjwa.

Wariara akachochea moto, akawanyoshea kidole wote watatu.

— Na nyinyi mnisikie. Siku nikiwapa kahawa bure, msinywe. Nishikeni mkono mnipeleke hospitali. Nitawatukana, najijua, nitawataja mpaka mama zenu. Mnipeleke tu.

— Hata kikombe kimoja? Makokha akauliza.

— Hata nusu.

— Na Krismasi? Gopal akauliza. Krismasi kahawa ya bure si ni desturi?

— Krismasi mtalipa kama watu wasioijua Krismasi.

Wakakubali, kila mmoja kwa huzuni yake. Jua lilikuwa limepanda, vumbi la mbao linanukia, na Wariara alijisikia vizuri, vizuri kwa kiasi, kama mtu aliyevaa viatu vinavyomtosha. Cheptanui akamaliza kahawa yake, akakipindua kikombe juu ya ubao kama alivyoona wenyeji wakifanya, akaanza kufungua pindo la leso alimofunga pesa.

— Wewe wacha, mama, Wariara akamwambia. Ni mgeni, na umenisaidia. Ya leo ni bure.

Makokha aliruka mpaka kikombe chake kikavunjika. Gopal alikuwa ameshamkamata Wariara mkono wa kulia, na kwa mara ya kwanza tangu afungue duka, mambo yake hayakuchukua hata dakika. Joginder alikuwa anavua aproni, misumari imetapakaa chini, akiita mtu wa mkokoteni.

— Kuna nini? Cheptanui akauliza, leso mkononi.

Wariara aliwatazama wanaume wale. Mikono yao ilikuwa inatetemeka kuliko yake, na wao hawakuwa wamemeza dawa yoyote.

— Kaeni chini, akasema.

Hakuna aliyekaa. Gopal alizidisha kukaza.

Wariara akavuta pumzi, akamnyoshea mgeni mkono wake wa kushoto, kiganja juu.

— Lipa, mama, akasema.

Cheptanui akalipa. Hapo ndipo walipoketi, mmoja mmoja, na Gopal akamwachia Wariara mkono, akageuza kikombe chake kikasimama wima.