Kadi ya Pai Juu ya Alama: Kumuaga Bi. Marlys Haverkamp

Bi. Marlys Haverkamp amekaa katika Ofisi ya Udahili ya Chuo cha Tolliver miaka thelathini na minne na miezi minane, na Ijumaa hii, tarehe 30 Mei 2025, anarudisha ufunguo. Mimi, Wendell Okerstrom, niliyekaa meza ya mkabala naye kwa miaka ishirini na mmoja kati ya hiyo, nimepewa ukurasa mmoja wa kumsifu. Haunitoshi, lakini ndio huo.

Aliajiriwa Septemba 1990 kufungua bahasha. Siku hizo maombi ya kujiunga na chuo yalikuja kwa magunia, na kazi yake ilikuwa kuchana, kupanga na kunyamaza. Hilo la tatu lilimshinda. Kabla ya Krismasi alikuwa ameshamwambia mkuu wa ofisi kwamba wawili kati ya waliokataliwa walikuwa wazuri kuliko nusu ya waliokubaliwa. Mwaka uliofuata akapewa mafaili asome, labda ili atulie. Wapi! Alipanda hadi kuwa naibu mkuu wa udahili, cheo kilichobandikwa kwenye mlango ambao hatujawahi kuuona umefungwa.

Kila aliyepita ofisini hapa anaijua kadi yake. Ni kadi ya mapishi ya pai ya tufaha, mwandiko wa marehemu mama yake, imelowa siagi pembe zote nne. Marlys akichukua faili, kwanza anaibana kadi hiyo juu ya alama za ule mtihani wanaoufanya wanafunzi wa nchi nzima Jumamosi asubuhi ili kuombea vyuo. Kisha anasoma vingine vyote: matokeo ya darasani, barua ya mwalimu, insha. Anaandika uamuzi wake kwa penseli. Hapo ndipo anapoinua kadi, anatazama alama, na zikigombana na penseli anarudia kusoma tangu mwanzo. Wino huja mwisho kabisa.

"Ukishaiona namba," alikuwa akisema, "hayo mengine yote unasomewa na namba."

Mimi nilikuwa naanza na namba, na sikuficha. Naye hakuniacha salama. "Wewe Wendell ukialikwa chakula utauliza kwanza kina kalori ngapi," aliniambia siku moja mbele ya wazazi waliokuja kutembelea chuo. Wazazi wakacheka, nami nikawaonyesha maktaba nikiwa nimeiva uso.

Kwa kadi ile waliingia vijana wengi wenye alama za chini ambao mimi ningewapita bila kugeuka. Mmoja wao leo anafundisha kemia ghorofa ya pili, na wanafunzi wanampenda kuliko wanavyoipenda kemia. Lakini kisa nitakachokisimulia ni cha upande wa pili, na Marlys mwenyewe ameniruhusu, akasema nisimpake rangi.

Ilikuwa Machi 2009. Mafaili yalikuwa mengi, wawili kati yetu walikuwa wagonjwa, na barua zote zilitakiwa ziondoke Ijumaa. Zikaondoka. Jumamosi asubuhi Marlys akataka kuoka pai ya chakula cha pamoja kanisani, akafungua droo ya jikoni anamoirudisha kila mwisho wa wiki, kadi hakuna. Akapekua mkoba, gari, makoti. Akaja ofisini, na akaikuta palipomfanya akae chini: imebanwa bado kwenye faili moja, ndani ya boksi la waliokataliwa. Alikuwa ameandika "hapana" kwa wino bila kuinua kadi.

Faili lilikuwa la Noreen Tjaden, binti wa wafuga nguruwe, kutoka shule iliyokuwa ikihitimisha wanafunzi tisa mwaka ule. Matokeo yake ya darasani yalikuwa mazuri hadi alipofika miaka kumi na sita, kisha yakaporomoka. Barua ya mwalimu ilikuwa na sentensi mbili: "Ana akili. Anachelewa." Marlys akainua kadi. Thelathini na nne kati ya thelathini na sita. Waombaji watatu tu walikuwa wamefika hapo.

Akapiga simu, haikupokelewa. Akaendesha gari kwa muda wa saa tatu kwenye tope la barafu iliyoyeyuka ili awahi kabla ya mtu wa posta. Hakuwahi.

"Barua imefika, mama," mama yake Noreen alimwambia mlangoni. "Ameisoma, akaikunja, akarudi bandani."

Marlys akaenda bandani na viatu vyake vya kanisani. Noreen alikuwa amepiga magoti akimzalisha nguruwe. Baba yake alikuwa amevunjika mgongo miaka miwili kabla, na tangu hapo mifugo yote ilikuwa juu ya binti huyo, alfajiri na jioni. Ndiyo maana alichelewa.

"Mimi ndiye niliyekuandikia hapana," Marlys akamwambia. "Nimekosea. Sijui kama nitaweza kuitengua, lakini ulistahili uisikie kwangu."

"Sawa, mama," Noreen akamjibu. "Basi nishikie hiyo taa. Bado watatu."

Akaishika mpaka wa mwisho alipotoka.

Jumatatu aliileta habari mbele ya kamati yetu ya watu saba, akakiri kosa lake bila kuzunguka. Halafu mimi, na naona haya kuliandika hili, nikasema huenda binti alibahatisha.

"Wendell!" Marlys akageuka na kiti kizima. "Miaka mitano unaniimbia kwamba namba haidanganyi. Leo imetoka kwenye banda la nguruwe, ndiyo imeanza kudanganya?"

Kamati nzima ikaangua kicheko, na Mungu anajua, nikacheka na mimi. Mikono saba iliinuka. Wangu ulikuwa wa mwisho, lakini uliinuka.

Kwa hiyo miaka mitano iliyopita, chuo kilipojadili kuziacha alama moja kwa moja, tulidhani Marlys atapiga makofi. Akasimama akakataa. "Kuna mtoto mwenye mwalimu wa kumwandikia kurasa tatu na mtu wa kumnyooshea insha," alisema. "Wangu alikuwa na nguruwe na hiyo namba. Mnataka kumnyang'anya ipi?" Mpaka leo utaratibu wetu ni wake: anayetaka kutuma alama atume, asiyetaka asiulizwe, na zilizotumwa zisomwe mwisho, lakini zisomwe.

Daktari wa mifugo Noreen Tjaden atakuwepo Ijumaa. Ameahidi kuchoma nguruwe mzima, na Marlys ameahidi pai kumi na mbili. Njooni na njaa.

Wiki iliyopita Marlys aliinakili ile resipe kwenye karatasi mpya akabaki nayo. Kadi yenyewe akaniwekea mimi mezani, akaenda kunywa kahawa. Juu yake, kwa wino mwekundu, aliandika tangu Machi ile: "Inua kabla hujaandika." Nimekaa nayo mkononi kwa muda mrefu, mtu mzima nikitokwa machozi kwa kadi ya pai.

Asante, Marlys, kwa kila faili ulilolisoma mara mbili. Uwe na asubuhi ndefu, tufaha tele na wajukuu wa kukuchosha. Nenda kwa furaha. Tutainua.