Bwana Nyufa, Aliyetibu Barabara Zikiwa Bado Nzima

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wa marehemu, familia imeniomba niwasomee maisha yake, sauti ikinikatika mnivumilie.

Kaka yetu, ambaye wengi mlimwita Bwana Nyufa, alizaliwa tarehe 9 Machi 1966, mtoto wa kwanza wa fundi mwashi na mshona nguo, akasoma shule ya msingi iliyo nyuma ya soko, kisha chuo cha ufundi, akahitimu mwaka 1987 na kuajiriwa mwaka huohuo katika idara ya matengenezo ya barabara, alikofanya kazi hadi mauti yalipomkuta.

Kazi yake ilikuwa kuziba nyufa kwa lami ya moto na kuzibua mitaro kabla ya mvua, ili maji yasipenye chini na kuifumua barabara, lakini kila alipoomba lami ofisini alijibiwa kwamba barabara bado nzima, asubiri mashimo, naye alikuja juu, akisema barabara hutibiwa ikiwa bado nzima, ikishaoza hapo mnazika tu.

Mwaka 1991 shemeji yetu, ambaye leo ni mjane wa marehemu, aliipuuza bendera nyekundu ambayo kaka aliisimika kuzuia watu, akakanyaga lami mbichi, kiatu kikabaki hapohapo, kaka akakibandua na kukipeleka kwao, wakafunga ndoa tarehe 12 Desemba mwaka huohuo, wakajaliwa binti, na mtoto wa kiume ambaye sasa yumo katika kikosi kilekile cha baba yake.

Ugonjwa wake nausema kwa uchungu. Tangu mwaka jana kifua kilimbana kila alipopanda ngazi, shemeji akamsihi akapime, akalia, akanituma na mimi, na mtu huyuhuyu aliyegombana na wakubwa kwa ajili ya ufa mwembamba kama uzi alitujibu kwamba yeye bado mzima, mvua zikiisha ataenda. Tarehe 3 mwezi huu alianguka kando ya pipa la lami, akafia hospitali, tukaambiwa moyo ulikuwa umechoka siku nyingi, na kwamba angewahi, ungetibika. Ungetibika, jamani!

Tunawashukuru majirani, wafanyakazi wenzake waliobeba jeneza, na daktari aliyehangaika naye hadi mwisho, ambaye namwona ameketi pale nyuma. Daktari, tunakuomba usiondoke. Asubuhi hii mtoto wa kiume wa marehemu alikuwa akipanga hivi viti, akashika kifua, mama yake akamuuliza ana nini, akajibu kwamba yeye bado mzima. Mpime leo, hata hapa mbele za watu, maana sisi hatuna nguvu ya kuzika tena.

Kaka, weka chini ndoo ya lami, upumzike kwa amani.